Mpini ulipoachana na transfa

Mpini wa fowili, ule wa kuchagua kama nguvu iende magurudumu mawili au yote manne, ukianza kwenda mbele na kurudi nyuma bila kugoma popote, bila ile "tak" ndogo unayoihisi kiganjani kabla haijafika masikioni, ujue umeshika fimbo tu. Upande wa pili hakuna kitu. Pikapu langu kuukuu lilinitenda hivyo tulipokuwa tumemaliza kuvuka tope. Nilikuwa natoka gia nzito kurudi kwenye gia ya kawaida, nikauvuta mpini, ukaja kilaini mno, ukaendelea kuja mpaka ukaegemea kiti. Nikatia gia ya kwanza, nikaachia klachi. Injini ikanguruma, gari likabaki pale pale.

"Shangazi, klachi imekwisha," akasema mpwa wangu aliyekaa pembeni, kwa uhakika wa mtu ambaye hajawahi kununua klachi.

Klachi haifi kwa mtindo huo. Mara nyingi klachi hutangulia kuaga: utasikia harufu yake kwenye mlima, utaona injini inapandisha mzunguko huku mwendo hauongezeki, na mambo hayo yataendelea kwa muda kabla haijakuacha njiani. Hapa hapakuwa na harufu. Halafu kila nilipoachia klachi nikiwa kwenye gia ya kwanza, nilisikia meno yakivuma chini ya sakafu, na nilipokanyaga tena yakanyamaza taratibu. Maana yake nguvu ilikuwa inaingia kwenye giaboksi vizuri kabisa, inazunguka humo, ila haifiki kwenye propela, ile shafti ndefu inayoipeleka magurudumuni. Na katikati ya giaboksi na propela kuna transfa peke yake, boksi la gia linaloigawa nguvu kwa propela ya mbele na ya nyuma.

Fundi niliyempigia simu alikuwa na hukumu kubwa zaidi: giaboksi imekatika ndani, ishushwe. Nilimshukuru nikakata simu. Giaboksi hailegezi mpini wa transfa, na ule mpini uliolala kama mlevi ndio uliokuwa shahidi wangu wa kwanza.

Sote tunaijua nyutro ya giaboksi. Ya transfa tunaisahau kwa sababu ni nadra mtu kuitumia. Imewekwa kwa ajili ya magari yenye winchi au mashine nyingine inayoendeshwa na injini gari likiwa limesimama, na kwenye baadhi ya magari kwa ajili ya kuvutwa njia ndefu. Transfa ikikaa hapo, propela zote mbili, ya mbele na ya nyuma, zimetengana na injini. Ndiyo sababu kuegesha gari na kuliachia gia ya kwanza hakusaidii chochote wakati huo. Kwenye gari la otomatiki hata ile P ni bure, maana P inafunga shafti inayotoka kwenye giaboksi, na shafti hiyo sasa haina habari na magurudumu. Gari lipo kwenye gia, ufunguo umetoa, na bado linaweza kuanza kutelemka.

Naeleza hili kwa kirefu kwa sababu hatua inayofuata ni kuingia uvunguni, na mpini uliolegea haukuambii transfa ipo wapi. Ichukulie kuwa ipo nyutro hadi uone kwa macho. Tulitia kabari mbele na nyuma ya magurudumu mawili kabla sijalala chini. Breki ya mkono niliivuta, lakini sikuitegemea peke yake. Kuna magari ya zamani, Land Rover za Series zikiwemo, ambayo breki ya mkono haipo magurudumuni. Ipo kwenye ngoma iliyofungwa nyuma ya transfa, inashika propela ya nyuma. Kwenye gari la aina hiyo ukipiga jeki gurudumu moja la nyuma, difu inaruhusu lile lililo hewani lizunguke upande wake na lililo chini lizunguke upande wake, gari likaondoka na breki imekaza vilevile. Kwa hiyo kama pikapu lako lina nafasi ya kutosha uvunguni, achana na jeki. Langu linayo. Nililala juu ya turubai, nikamwambia mpwa wangu ashike tochi na asiegemee gari.

Kitu cha kwanza kukiona kilikuwa rodi, ile inayounganisha mpini na transfa. Ilikuwa inaning'inia kutoka juu, ncha yake imekaa kwenye krosimemba, boriti ya chesisi iliyobeba mkia wa giaboksi, na pale ilipokuwa ikigonga ilikuwa imekwangua rangi na kutu hadi chuma kikang'aa, mstari mwembamba kama urefu wa kidole gumba. Mstari ule haukuchorwa na safari moja. Mwisho wa rodi una uma wenye matundu mawili. Uma huo ndio unaoukumbatia mkono wa transfa, kile kipande cha chuma bapa kinachotoka ubavuni kwenye shafti ya kuchagulia gia. Pini inapita katika uma na mkono, na katikati yake panakaa bushi ya plastiki. Pini haikuwepo. Bushi ilikuwa imebaki chenga mbili za rangi ya kahawia ndani ya tundu, na nilipozigusa kwa ncha ya bisibisi zilipukutika usoni kwangu.

"Shangazi, ndiyo hicho tu?"

Ndiyo hicho tu. Kidude ambacho ukikidondosha kwenye changarawe hukioni tena.

Kabla ya kufikiria kutengeneza, kuna jambo la kufurahisha unaloweza kulifanya hapo hapo: kuingiza gia kwa mkono. Injini imezimwa, giaboksi ipo nyutro, unaushika mkono wa transfa na kuusogeza. Ndani yake kuna gololi inayosukumwa na springi, inayotumbukia kwenye kibonde kimoja hadi kingine, na kila kibonde ni gia. Zile "tak" zilizopotea juu kwenye mpini zilikuwa zinanisubiri huku chini, kali na safi, na nikajua ndani ya transfa hakuna kilichoharibika. Kwenye pikapu langu mpangilio kutoka mwisho mmoja ni 2H (magurudumu mawili, gia ya kawaida), kisha 4H (yote manne, gia ya kawaida), kisha nyutro, kisha 4L (yote manne, gia nzito). Mkono ulikuwa umesimama kituo cha tatu. Usiukariri mpangilio huu kana kwamba magari yote yamezaliwa pamoja: transfa ya New Process 205, ile nzito ya chuma cha kalibu isiyokuwa na mnyororo ndani, inaanza na 4H, inafuata 2H, kisha nyutro, kisha 4L, kwa hiyo 2H si ya mwisho. Soma alama zilizochorwa kwenye kirungu cha mpini wako, halafu hesabu vituo.

Wakati mwingine mkono unagoma kuingia kituo kinachofuata kwa sababu meno yamekutana kichwa kwa kichwa. Usiupige nyundo. Toka uvunguni, ondoa kabari, lisukume gari kidogo tu, rudisha kabari, ingia tena. Wetu ulikubali. Nikauweka 2H, nikaichomoa rodi upande wa juu na kuitupa nyuma ya pikapu, maana rodi inayoning'inia karibu na propela inayozunguka ni balaa jingine. Gololi inatosha kuushikilia mkono mahali pake kwenye barabara ya kawaida. Tukarudi nyumbani kwa magurudumu mawili bila shida.

Kama huwezi kuendelea bila fowili, kuna ufundi wa njiani unaofaa. Kipande cha mpira wa kupitishia mafuta, kikikatwa kwa urefu wa tundu, kinakaa badala ya bushi, bolti inapita badala ya pini, na nati inakazwa kwa kiasi ili uma uendelee kucheza. Ukiwa na pini yenyewe ila huna spliti pini ya kuizuia isitoke, waya wa kufungia nondo unapita kwenye kitundu chake na kusokotwa. Zile kamba za plastiki za kufungia nyaya sizipendi hapo kabisa. Ekzosi ipo jirani, na plastiki inayochemka kila siku inakuwa kavu na kukatika, ambalo ndilo jambo lililoiua bushi tangu mwanzo.

Sasa, mtu angeweza kununua bushi na pini, akarudishia, akanawa mikono. Gari litakwenda. Litaachia tena pia. Swali lililonikalia kichwani lilikuwa kwa nini pini itoke, wakati kazi yake ni nyepesi hivyo.

Ukizitazama gari za kale kabisa utaona kwamba jambo hili halikuwepo. Willys MB ya vita vya pili vya dunia ilikuwa na mipini mitatu sakafuni, mmoja wa giaboksi, mmoja wa kuunganisha ekseli ya mbele na mmoja wa gia nzito, na ile miwili ya transfa ilikaa juu ya transfa yenyewe. Transfa ikitikisika, mipini inatikisika nayo. Baadaye watengenezaji wakataka mpini uwe pale mkono wa dereva unapopenda, huku transfa ikibaki pale propela zinapoitaka, na umbali huo ukajazwa kwa rodi, kona na bushi. Kwenye pikapu langu mpini umefungwa kwenye sakafu ya kabini. Kabini imekaa kwenye mipira yake juu ya chesisi. Injini, giaboksi na transfa zimekaa kwenye mipira mingine. Vitu viwili vinavyocheza ngoma tofauti vimeunganishwa kwa rodi moja, na bushi ya plastiki ndiyo inayotakiwa kumeza tofauti yote.

Nikachukua nondo, nikaiegemeza kwenye krosimemba, nikainua mkia wa giaboksi taratibu. Mauntini ya nyuma, ule mpira unaoikalisha giaboksi kwenye krosimemba, ikafunguka mdomo. Mpira ulikuwa umeachana na bamba lake la chuma, na umekandamizwa hadi giaboksi nzima imeshuka kama sentimita moja na nusu kutoka pale ilipopaswa kuwa. Hapo nikaelewa. Sentimita moja na nusu ilikuwa inaivuta rodi saa zote, hata gari likiwa limelala, na kila nilipotia mafuta mengi kwenye mlima giaboksi ilijipinda na kuivuta zaidi. Bushi ililika upande mmoja, pini ikawa inakaa mshazari, spliti pini ikasagwa na washa mpaka ikakatika. Baada ya hapo ni mtikisiko tu.

Kuna sababu ya pili na hii ni ya mkono wa dereva. Fowili za aina hii hazina difu katikati. Ukiwa 4H au 4L, propela ya mbele na ya nyuma zinalazimika kuzunguka sawasawa. Kwenye kona, magurudumu ya mbele yanapita njia ndefu kuliko ya nyuma, na kwenye tope au mchanga tofauti hiyo inamalizwa na matairi kuteleza kidogo. Kwenye ardhi ngumu hayatelezi. Shafti zinajisokota, meno ndani ya transfa yanabanana, na ukitaka kurudi 2H mpini unagoma kana kwamba umechomelewa. Ndipo mtu anapoushika kwa mikono miwili. Tazama hesabu yake: mpini wangu, kutoka kwenye egemeo hadi kwenye kirungu, una milimita 300, na kutoka kwenye egemeo kwenda chini hadi kwenye pini ya rodi una milimita 60. Ni mara tano. Ukivuta kwa nguvu ya kilo 20 juu, pini huko chini inavutwa kwa kilo 100. Bushi ya plastiki iliyochoka haina hamu ya kilo 100. Dawa yake ni kurudi nyuma mita chache na usukani ukiwa umenyooka, shafti zijisokotoe, kisha mpini utakuja kwa vidole viwili. Pikapu hili lilipita mikononi mwa watu wengi kabla halijafika kwangu, na kwa mkunjo nilioukuta kwenye rodi, mmoja wao alikuwa na mabega mapana.

Nilianza na mauntini. Hakuna maana ya kupima rodi wakati giaboksi imeinama, kwa sababu kipimo chochote utakachopata ni cha giaboksi iliyoinama. Niliegemeza jeki chini ya mkia wa giaboksi na kipande cha ubao katikati, nikainua mpaka uzito ukatoka kwenye krosimemba, nikafungua bolti, nikabadilisha. Kazi nyepesi ukiondoa kutu. Kisha nikainyoosha rodi kwenye jiliwa.

Mkono wa transfa ndio ulionipa kazi. Unashikiliwa na nati kwenye shafti ambayo imechongwa bapa pande mbili, kwa hiyo unaweza kuuvua na kuurudisha ukiwa umegeuka nyuma mbele bila kujua. Nilichora mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye shafti hadi kwenye mkono kabla ya kugusa spana. Kagua na nati yenyewe: kuna magari ambayo rodi ipo, pini ipo, bushi ipo, ila nati imelegea na mkono unazunguka juu ya shafti, na dalili yake kule juu ni hiyo hiyo ya mpini mlevi.

Tundu la mkono lilikuwa limegeuka yai. Kwa kalipa, upande mmoja milimita 14 kama lilivyotoka kiwandani, upande mwingine milimita 15 na nusu. Pini mpya ina milimita 10, na bushi mpya ya 14 ingecheza humo tangu siku ya kwanza. Huo mchezo wa milimita moja na nusu unaonekana mdogo mpaka ukumbuke kuwa kule juu unazidishwa mara tano, na kwamba kuna maungio mengine kabla yake yenye michezo yao. Maungio manne yenye milimita moja moja yanampa dereva sentimita mbili za mpini usiofanya kazi. Ndiyo sababu kwenye pikapu kuukuu nyingi mtu haelewi kama ameingia gia au bado.

Nilimpelekea mkono mtu wa mashine ya kukereza. Alilipanua tundu hadi milimita 16 ili liwe duara tena, akalipigilia bomba dogo la chuma lenye tundu la 14, na ndani ya hilo ndipo bushi inapokaa. Aliniuliza kama nataka bushi ya shaba badala ya plastiki, idumu. Nilikataa. Shaba inadumu, lakini haimezi mtikisiko. Utausikia mpini ukilia kwa kelele kila injini ikiwa sailensa, yaani inazunguka bila kukanyagiwa mafuta. Plastiki ya nailoni ngumu, ikibadilishwa kabla haijakauka, inatosha. Wenye bushi za poliyurethini wanazipenda pia, ila zipakwe grisi ya silikoni. Na bushi za mpira wa kawaida usizipake grisi ya bearingi, maana mpira huo ukinywa mafuta unavimba na kulainika.

Kuna suluhisho jingine ambalo hutolewa kwa tabasamu: kuchomelea. Chomelea rodi kwenye mkono, haitatoka maisha. Haitatoka, hilo ni kweli. Giaboksi itaendelea kucheza kwenye mipira yake kama ilivyozaliwa, rodi haitakuwa na pa kukunjia, na kitakachopokea nguvu yote ni ile shafti ya kuchagulia gia inayoingia ndani ya transfa. Ikipinda au ikikatika hiyo, sasa ndiyo tutafungua transfa. Kuna jambo la umeme pia: ukiuchomelea mkono ukiwa bado kwenye gari na waya wa ethi umebanwa mbali, umeme unatafuta njia yake kupitia bearingi na kuziachia vidonda kwenye uso wake. Maungio yamewekwa yacheze. Acha yacheze, ila yacheze kwa adabu.

Kufunga kulikuwa kwa haraka, lakini kupanga urefu wa rodi hakutaki haraka, na hapa ndipo nilipokaa jioni nzima huku mpwa wangu akiwa juu kabini na mimi chini. Rodi ina nyuzi upande mmoja, uma unazungushwa kuifupisha au kuirefusha, kisha nati ya kufungia inakazwa. Kosa linalofanywa na wengi ni kuunganisha kwanza halafu kujaribu kama gia zinaingia. Zitaingia, au zitaonekana kuingia. Mimi napanga kutoka chini kwenda juu. Mkono wa transfa unawekwa kwenye kituo chake cha 4L, gololi imetumbukia kabisa, hausogei ukiugusa. Juu, mpini unawekwa mahali pake pa 4L, lakini haugusi mwisho wa mfereji wake, unaachiwa milimita tatu au nne. Kisha uma unazungushwa hadi pini iingie kwa vidole.

"Sukuma kidogo mbele," nikamwambia.

"Nisukume au nishike?"

"Shika. Usisukume, usivute. Shika tu."

Pini ikiingia kwa vidole, rodi ina urefu wake. Ikihitaji kugongwa au kuvutwa kwa bisibisi, rodi inauvuta mkono nje ya kituo, japo kwa unywele. Unywele huo ni hatari kuliko rodi iliyodondoka. Rodi iliyodondoka inakuachia gololi ifanye kazi yake kwa amani. Rodi fupi inaizuia gololi isifike chini ya kibonde, meno yanashikana kwa ncha tu, na siku utakayopanda mlima na mzigo gia itaruka nje kwa kishindo. Ikiruka mara nyingi meno yanapoteza kona zake, yanakuwa mviringo, na hapo hakuna rodi itakayoyasaidia.

Baada ya 4L tulipita kila kituo, mimi nikitazama mkono na yeye akitaja anachoona juu. Nyutro, sawa. 4H, sawa. 2H, mpini ukagusa zulia. Zulia nene, limeongezwa na mwenye gari aliyetangulia, limekunjamana karibu na shina la mpini na kuuzuia usimalize safari. Nililikata kwa kisu. Na ile buti ya mpira inayofunika tundu la sakafu, ikikauka nayo huurudisha mpini nyuma polepole. Yangu bado laini.

Spliti pini mpya, miguu yote miwili imekunjwa. Hazitumiki mara ya pili, hata ikionekana nzima. Chuma kilichokunjwa na kunyooshwa kimeshaanza kukatika mahali usipopaona. Washa pande mbili, grisi kidogo, basi.

Majaribio niliyafanya kwenye udongo mlegevu uliokauka, usukani umenyooka. Kwanza injini ikiwa imezimwa, vituo vyote kwa hisia ya kiganja. Kisha 2H, mbele na rivasi, nikikanyaga mafuta na kuachia ghafla ili giaboksi ijipinde huku na huku, na macho kwenye mpini: ulitikisika, haukusogea. Kisha nikasimama, 4H, nikatembea. Nikasimama tena, 4L, gia ya kwanza, nikaachia klachi bila kugusa mafuta, na pikapu likaanza kutambaa kwa mwendo wa mtu anayetafuta sarafu chini. Mpwa wangu akashuka akatembea pembeni yake ili anithibitishie kuwa magurudumu ya mbele yanavuta. Yalikuwa yanarusha udongo.

Taa ya fowili kwenye dashibodi haikuwaka. Taa hiyo kwenye gari hili haina uhusiano na mpini. Swichi yake imechomekwa kwenye transfa yenyewe, na ikifanya kazi ni msemakweli kuliko mpini wowote. Nimeshaichomoa waya zake na kukuta soketi imejaa ukungu wa kijani. Hiyo na sili ya shafti ya kuchagulia gia, ambayo inatoa jasho la mafuta, nitazishughulikia pamoja nikimwaga oili ya transfa.